Slaidi za Mafuta Ulizonitumia

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la huko kwenye kisima cha mafuta kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama ulioguswa na kiharusi bado mzito, lakini siku hizi anatoka na mkongojo wake mpaka barazani, anakaa, anawasema wapita njia. Mimi ni mzima wa mwili. Utulivu ndio sina, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza, ahsante kwa zile slaidi. Mwalimu mkuu alipotaka niwaandalie wanafunzi wa mwaka wa mwisho somo la miamba na kazi za mafuta, nilijua wa kumwomba ni wewe mjiolojia. Ila kaka, ulitaka kuniua. Kila picha imejaa mishale, na maneno yake yalinitoa jasho hata mimi niliyesoma jiolojia chuoni. Nilikaa kwenye meza ya jikoni nikipunguza, nikichora upya, nikiandika maelezo kwa Kiswahili cha watu. Kisima nikakifanya mstari mmoja mwekundu.

Siku ya somo projekta ilikubali kwa shida, baada ya fundi wa maabara kuibembeleza na kuipiga kofi. Watoto wengi walidhani mafuta yako chini ya ardhi kama bwawa, mtu anachota tu. Nikachukua tofali kavu, nikalimwagia maji, likayanywa yote. Nikawaambia mafuta nayo hukaa hivyo ndani ya jiwe, kwenye vitundu usivyoviona. Wa nyuma wakainuka kulitazama tofali.

Shida ilianza kwenye slaidi za kazi. Nilitaja mchimbaji, mhandisi, na yule anayekaa kisimani akichunguza vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la kuchimbia. Chini ya kila kazi nilikuwa nimeandika elimu inayotakiwa. Nilipofika kwa huyo wa vipande vya mwamba, nikasoma kwa sauti, nikahisi kama nimeitwa. Ile shahada ninayo, kaka. Iko kabatini chini ya mashuka tangu mama augue.

Nikaeleza kwamba kazi hiyo ni mwezi kisimani, mwezi nyumbani. Binti mmoja wa nyuma, ambaye wenzake humwita Wakili kwa ubishi wake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama una mama mgonjwa?"

Nikamjibu papo hapo, "Mama ana watoto wengine."

Akaridhika, akakaa. Mimi somo nililimaliza, lakini sijui nilisema nini.

Tangu hapo nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafua nguo safi. Nasahihisha daftari moja mara mbili. Jioni nazunguka ua, naingia, natoka. Hasira nazo sitakuficha. Miezi yako ya mapumziko unailala kwenye nyumba yako ya kupanga huko mjini, halafu unapiga simu kuuliza kama mama amekunywa dawa. Sikumbuki tulikaa lini tukakubaliana kwamba wa kubaki ni mimi. Nadhani hatukukaa. Wewe ulifunga begi, mimi nikajikuta nimeshika taulo la mama.

Sasa lenyewe ni hili. Niliiomba kazi ile. Nilimdanganya mwalimu mkuu kwamba nakwenda kung'oa jino, nikaenda kwenye usaili. Waliniwekea vipande vya mwamba chini ya lenzi, wakaniambia nieleze ninachokiona. Nilieleza mpaka wakaniomba ninyamaze. Wamenichukua. Mafunzo yanaanza mwezi ujao, na ualimu nimeshauacha.

Mama nilimwogopa kuliko usaili. Nilipomwambia, alinitazama, akasema, "Afadhali. Umenichosha kwa kuzunguka. Nenda ukazunguke kwenye mawe yako." Kisha akalia kidogo, nami nikalia, na aliyenyamaza kwanza alikuwa yeye. Akauliza wewe unakuja lini. Nikasema sijakuuliza. Akasema nisikuulize, nikuarifu.

Basi nakuarifu. Nimewaomba walioniajiri wapange zamu yangu ipishane na yako: ukiwa kisimani mimi nipo nyumbani, nikiwa kisimani wewe upo. Mpaka utakapofika, muuguzi wa nyumba ya pili amekubali kulala na mama. Chumba chako nimekifagia. Dawa zake muuguzi atakuelekeza. Hasira zake utajifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza mimi. Usitume mtu badala yako. Njoo.

Mama anakusalimu sana, na anasema uje na nguo za kazi, maana bomba la jikoni linavuja na yeye hamwamini fundi yeyote ambaye hakumzaa mwenyewe. Nami nakutakia safari njema, kaka, ya kwako na ya kwangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere