Maji Yaliyosema Shii

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa dada. Goti linasemaje? Na mjukuu mpya ameshajua tofauti ya usiku na mchana, au bado mnakesha naye? Sisi huku wazima kabisa. Mkweo anakusalimu sana. Amenenepa tangu uondoke, maana siku hizi anapika mwenyewe, anakula mwenyewe na kujisifu mwenyewe.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatisha katikati, na habari hii nataka uipate yote, tena kwa mpangilio wake. Kaa vizuri. Mama, maji yamepatikana!

Unajua tulivyokuwa. Ni miaka miwili sasa tangu wakubwa wa mji watangaze kwamba maji hayatoshi, na kwamba hakuna nyumba mpya itakayofungiwa mita mpaka sisi wa idara ya maji tuokoe yale yanayopotea ardhini. Tukiziba panapovuja tunapima kilichookolewa, na kwa kiasi hicho nyumba kadhaa zinapata mita, kwa kufuata orodha iliyobandikwa mlangoni pa ofisi. Uliuona mwenyewe ule mtaa mpya: kuta bila paa, marundo ya mchanga yaliyoota majani, mafundi waashi wanashinda wakicheza karata. Na msingi wetu sisi, namba kumi na tisa, vyumba vinne vinavyokufika magotini. Kila Jumapili mkweo alikuwa anakwenda kuutazama kama anayemtazama mgonjwa.

Wa kwanza kwenye orodha ni yule mwalimu wangu wa darasa la nne. Nyumba yake ilikwisha mpaka rangi. Kila asubuhi alipita ofisini na ufunguo mfukoni, akasoma jina lake, akaenda zake. Mwezi uliopita alinikuta mlangoni na fimbo yangu ya kusikilizia mabomba ardhini, ile ya chuma yenye kikombe cha kuwekea sikio. Hakulalamika hata kidogo. Aliniambia tu kwamba mimi ndiye masikio ya mji huu, akaniomba nisikilize vizuri.

Kesho yake nikaenda kwa mhandisi, nikamwambia napajua mahali pa kuchimba. Alinitazama juu ya miwani, akanipa siku mbili na Spana, yule fundi bomba mwenye maneno mengi. Siku ya kwanza tulichimba mpaka viuno vikauma, hatukuona kitu. Spana akaanza kunitania kwamba masikio yangu yana nta, niende nikasafishwe. Siku ya pili sururu yake ikazama kwenye tope mpaka mpini, akapiga ukelele kama aliyekanyaga nyoka. Mama, lilikuwa bomba kuu la zamani, limeliwa na kutu, na tundu lake unapitisha ngumi! Maji yaliruka, yakamlowesha Spana mpaka soksi, naye akawa anacheka tu kama mwendawazimu. Tulipoziba na kupima, mhandisi alirudia hesabu mara tatu kwa sababu hakuiamini. Kisha akatoka nje, akatuondolea sote wasiwasi kwa neno moja: nyumba ishirini na mbili!

Ungekuwepo uone mwalimu akifungua koki yake. Mtaa mzima ulijaa uani kwake. Koki ikakohoa, ikatema kutu, ikanyamaza mpaka tukaogopa, kisha maji yakaja meupe. Mwalimu alinawa uso, akanawa tena, akasahau kabisa kufunga, ikabidi mimi mwanafunzi wake nimkemee. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mafundi waashi nao wamerudi kazini. Kutwa ni nyundo na misumeno, na wakwe wengi wamefufua ahadi za ndoa walizokuwa wameziweka pembeni kwa kukosa nyumba. Nina furaha, Mama, sijui hata niiweke wapi.

Najua umeshapiga hesabu: kumi na tisa imo ndani ya ishirini na mbili. Subiri kidogo.

Hujaniuliza bomba lilikuwa wapi. Lilikuwa nyuma ya jiko lako, Mama. Chini ya ule mchicha usiojua kiangazi, na ile mipapai inayowaleta majirani kuomba mbegu na kukusifu kwamba una mkono wa kupanda. Tumechimba bustani yako yote. Hapakubaki tuta.

Na hilo bado si zito. Zito ni kwamba nilijua. Miaka mitatu iliyopita, wiki ile niliyokabidhiwa fimbo, nilikuja kwako Jumapili nikaijaribu uani, mchezo tu. Bomba linalovuja husema shii, kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Nililisikia waziwazi. Nikainua kichwa kuja kukwambia, nikakuona umeinama kwenye matuta unaimba. Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu tumzike baba. Basi nami nikanyamaza. Kila nilipopita mtaa wetu na fimbo niliandika daftarini kwamba pako sawa. Mji ulipokuja kuzuia nyumba mpya, niliona nimeshachelewa kusema, nikazidi kunyamaza. Mwalimu wangu amezunguka na ufunguo mfukoni miaka miwili kwa sababu yangu.

Tulipomaliza kuziba nilimweleza mhandisi kila kitu. Akasema hawezi kuyafukuza masikio pekee aliyo nayo, lakini msingi wangu utashuka mpaka chini kabisa ya orodha. Sikubisha, maana ni haki. Sasa sisi ni namba sitini na nne.

Nilidhani mkweo atanuna. Kumbe jioni akachukua toroli, akaenda kwenye ule udongo tulioutupa pembeni, akaokota miche yako mmoja mmoja na mizizi yake, pamoja na mpapai mdogo uliosalimika. Ameipanda yote ndani ya msingi wetu. Tunaimwagilia maji tuliyosuuzia vyombo, basi, hakuna bomba la mtu. Majani ni madogo kuliko uliyozoea, lakini leo asubuhi nimeona machipukizi. Kile chumba cha upande wa jua, tulichokutengea wewe, ndicho kimestawi kuliko vyote.

Mbusu mtoto mpaka alie. Mwambie dada asikuache ubebe ndoo. Spana anakusalimu na anaomba radhi kwa mchicha aliokanyaga. Nami naomba radhi kwa yote niliyokwambia, na zaidi kwa niliyokuficha. Ukirudi nigombeze kwanza, umalize hasira zote. Kisha nitakupeleka chumbani kwako, uiname upalilie, na ukitaka, uimbe.

Ni mimi mwanao wa katikati,
Masikio ya mji