Ukurasa Nisioufuta

Galu, 14 Agosti 1998

Shangazi Munee,

Shikamoo. Mbaazi ulizonipa zimeota, na ngedere bado hawajazigusa.

Kazini, kompyuta kubwa ya hoteli, ambayo mimi ndiye mtunzaji wake, ilikuwa ikijaa kila baada ya siku mbili, wageni wanakwama mapokezi. Meneja akasema mbele ya wenzangu kwamba ni uzembe wangu. Nikachunguza. Mashine ilikuwa inaandika kila inachofanya, maelfu ya kurasa. Fundi huwasha uandishi huo akitafuta hitilafu, kisha huuzima. Huu haukuzimwa.

Nikauzima, nikafuta kurasa zote isipokuwa ule wa kwanza. Umemtaja aliyewasha uandishi huo: meneja mwenyewe, siku ile tulipokuwa tukimzika babu huko Machakos.

Jana aliniita. "Kavenya, ufute na huo, kisha utie sahihi barua ya kukiri kosa."

Nikamjibu, "Bwana, sifuti, na sahihi yangu huipati."

Amenipa hadi Jumatatu, la sivyo nifungashe.

Ukurasa nimeuchapisha, umo humu ndani ya bahasha. Uweke kwenye Biblia yako. Tarehe iliyoandikwa hapo, Shangazi, mkono wangu ulikuwa mkononi mwako, kaburini. Akitaka shahidi, nitamwambia yupo.

Mwanao asiyefungasha,
Kavenya