Kwa nini ninaita mbele ya kufika

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana. Hapa Hombo tuko salama, mama yako anakusalimia. Unauliza kwa nini ninapaza sauti mbele ya kufika kwa watu.

Kwetu Nyamitaba, mugeni anaonekana toka mbali ku kilima, hakuna anayeita. Nilipoolewa huku mu pori, nilisikia watu wakiita njiani, nikazani wananichunga, wanaambiana kama mugeni anapita. Asubuhi moja nikaenda kimya kwa jirani, Mama Sifa, kuomba moto. Akatoka na panga.

"Nani anakuja kama mwizi?"

"Ni mimi, muke wa Musa!"

Akashusha panga. "Mwanangu, hapa miti inaficha kila muntu. Uite, tukujue."

Tangu siku ile ninaita. Na anayenijia kimya, mpaka leo, ninamutazama mikono kwanza.

Koko yako