Vikonyo Vibichi

Jumanne, 9 Julai 1996
Nageuza maua ya kukausha tangu asubuhi. Waridi ndani ya mchanga wa mtoni, masuke ya matete yananing'inia kwenye kenchi ya paa, kichwa chini. Mgongo hoi. Sista anayetusimamia kapita, kasimama kwenye trei za Editha. Mekundu kama yamechumwa leo, kasema. Yangu hakuyatupia jicho. Editha ana miezi mitatu kwenye kikundi chetu cha kina mama, mimi miaka minne. Hata kuchekecha mchanga nilimfundisha mimi!

Ijumaa, 12 Julai
Sista anatafuta mtu wa kushika chumba cha kukaushia. Kina mama wote wakamgeukia Editha. Mtu kaja juzi tu kutoka Mahenge. Nimekula wali bila kusikia ladha. Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 15 Julai
Kupima ni kazi yangu. Kikonyo kikikatika kwa mlio, ua limekauka. Kikipinda, linarudi mchangani. Cha Editha kilipinda. Cha pili nacho. Akauliza, "Tayari, dada?" Nikasema tayari.

Akawasha mshumaa, akatia maua kwenye mifuko ya nailoni, akaiziba mmoja mmoja kwenye moto, huku anaimba. Nilijifanya nina kazi na matete.

Jumatano, 24 Julai
Leo katoni za maua zilikuwa ziende kwenye treni. Sista akafungua ya Editha atazame. Ukungu mtupu, na harufu. Yangu mazima. Sista hakufoka, afadhali angefoka. Editha akalia mbele ya watu. Nilingoja anitaje, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Hakunitaja.

Alhamisi, 25 Julai
Chumba nimepewa mimi. Wamenipigia makofi. Editha hakuja kazini.

Ijumaa, 26 Julai
Hakuja tena. Nimekuwa mkali kwa kila mtu. Sijipendi.

Jumapili, 28 Julai
Baada ya misa nilikwenda kwake, Kivukoni. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama. Hakuinua uso.

"Hata mimi niliona ni mabichi," akasema. "Nikajiambia, dada anajua kuliko mimi."

Kesho namwambia Sista, mbele ya wote. Editha hakusema kama atarudi. Alinisogezea kigoda na kunimiminia mchele kwenye ungo wa pili. Ulikuwa na mawe mengi. Tukachambua mpaka jua likahama uani.