Pikipiki ya Theluji Niliyokuchagulia

Wakesho, mdogo wangu,

Leo mchana cherehani imenipeleka kwako tena. Nilikuwa nashona kiti cha pikipiki, uzi mweupe juu ya ngozi nyeusi, mvua ya Digbeth hapa Birmingham ikinyesha taratibu juu ya paa, na kelele za karakana zikaanza kuenda mbali. Nikakuona. Ulikuwa unapita katikati ya maghorofa yetu ya Newtown juu ya mashine yako, theluji imefika kwenye madirisha ya chini, na hukuwa na haraka yoyote. Ulikuwa umevaa sweta yangu ya kijani, ile uliyoondoka nayo bila ruhusa. Ukanipungia mkono. Nilipozinduka nilikuwa nimeshona kipande kizima upande usiofaa, na imebidi nikifumue chote.

Ndoto hizi za mchana ninazo tangu uondoke, na kwa kawaida huzimaliza nikitabasamu. Leo sikuweza. Kuna jambo nimekuficha miaka saba, na barua zote nilizokuandikia nimezifunga kwa gundi zikiwa zimelizunguka tu. Hii sitaki iwe na siri. Asome yeyote atakayeishika.

Unakumbuka jinsi ulivyoniletea habari? Ilikuwa 1971, umemaliza ukunga, mimi niko jikoni nasonga ugali. Ulisema umepata kazi Kanada, kaskazini kabisa, kwenye zahanati kando ya ziwa, mahali ambapo barabara haifiki.

"Na wagonjwa utawafikiaje?" nikakuuliza.

"Kwa pikipiki ya theluji, dada. Wananipa yangu mwenyewe."

Nikadhani unanitania. Sisi watoto wa Wundanyi theluji tulijua ni ile kofia ya Kilimanjaro, unayoiona kwa mbali asubuhi ukungu ukiwa haujapanda. Hapa Birmingham tuliigusa kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima, na kabla hatujamaliza kuishangaa ilishakuwa tope. Sasa wewe, mwenye futi nne na inchi kumi ukiwa na viatu vya kazi, wewe ambaye wagonjwa walikuuliza unasoma darasa la ngapi, unaniambia utaendesha mashine juu ya ziwa lililoganda.

Kisha zahanati ikatuma karatasi yenye picha mbili pamoja na fomu. Walitaka uchague mapema, waagize, mashine ifike na boti ya mwisho kabla maji hayajaganda. Mbele zote mbili zilikuwa na mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira, na zote ziliwashwa kwa kuvuta kamba. Lakini moja ilikuwa ndogo, nyepesi, ya silinda moja, na kiti cha mtu mmoja. Ya pili ilikuwa dubwana la silinda mbili, lenye kiti kirefu cha watu wawili. Ulibandika picha hizo juu ya sinki na majira yote ya kiangazi tukaosha vyombo tukizitazama.

Ah, kile kiangazi! Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, ingawa nilikuwa nalalamika kutwa. Ulikuwa ukirudi kutoka zamu unapanda mkono wa kochi kama mtu anayepanda mashine, mkanda wangu umefungwa kwenye kitasa cha mlango uwe kamba ya kuwashia. Unavuta mara tatu, unafumba macho, unaondoka. Ulikuwa unaegemea kushoto, unaegemea kulia, unanyanyuka kidogo kwenye matuta. Dirisha liko wazi, watoto wanacheza mpira huko chini, jua la jioni limejaa ukutani, na wewe uko kaskazini.

"Usinisemeshe, dada. Niko katikati ya ziwa."

Nami nasimama na mwiko wangu mpaka nami naanza kuliona. Niliona weupe usio na mwisho na moshi mmoja mdogo wa nyumba ng'ambo. Ugali uliungua mara mbili wiki moja na nikakulaumu wewe.

Bwana Gurdip ndiye aliyetuzindua. Unamkumbuka, yule fundi mkuu wa karakana yetu, aliyezaliwa Nakuru na kutengeneza matrekta huko kabla ya kuja huku. Nilimwonyesha zile picha nikitaka anisifie kiti kirefu, maana mimi mashine nazijua kwa viti tu. Hakusifu kitu. Alisema nikulete Jumamosi.

Akalaza pikipiki mbili kwenye sakafu ya simenti, moja nzito na moja ndogo.

"Haya, sister, kuja hapa. Hizi mbili zimeanguka na hakuna mtu wa kukusaidia. Amsha."

Ile ndogo uliinyanyua kwa goti na bega, uso umekuiva kama pilipili, lakini ilisimama. Ile kubwa haikujua hata kama umeigusa. Ukajaribu tena, ukaiegemeza mgongo, ukaisukuma kwa miguu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Gurdip hakucheka.

"Sikiza. Ukikaa, mguu yote iguse chini, si vidole peke yake. Mkono ifike kwa breki bila kunyoosha bega. Kamba vuta mara kumi, na kama ya kumi umechoka, hiyo si yako. Engine ndogo si aibu. Mtu mpya anataka mashine anaweza kuamsha ikilala. Huko kwa barafu hakuna Gurdip."

"Nimesikia, Bwana Gurdip," ukamjibu. "Mimi ni wa ndogo."

Njia nzima ya kurudi ulikuwa unajitazama mikono yako na kutabasamu. Ulikuwa na uhakika, na uhakika wako ulinikera. Leo najua kwa nini. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umechagua kitu bila kuniuliza mimi.

Siku chache baadaye ulijaza ile fomu kwa penseli, kama tulivyozoea nyumbani. Mdogo anajaza kwa penseli, mkubwa anapitisha wino, kwa sababu ya mwandiko. Ulitia alama kwenye ile ndogo ukanikabidhi, ukaenda zamu.

Nilisimama posta ya Newtown, mbele ya meza ile yenye kalamu iliyofungwa kwa mnyororo. Nikaitazama alama yako ya penseli. Na badala ya kumsikia Gurdip nikamsikia Mama, dukani, akitupimisha sare za shule: "Chukua kubwa, mtakua nazo." Mimi nilikua na zangu. Wewe ile gauni ya darasa la nne uliivaa mpaka la saba, na bado ilikuwa inafagia vumbi, lakini akili haikunikumbusha hilo. Nikajiambia, huyu ni mtoto, atazoea, mwaka mmoja tu ndogo itakuwa mchezo kwake. Nikajiambia kitu cha bei namna hii hakinunuliwi kidogo. Hayo yote niliyaamini pale pale.

Lakini Wakesho, ukweli wenyewe ni kile kiti. Kiti cha mtu mmoja sikuweza kukivumilia. Nilikutazama umekaa peke yako katika weupe wote ule na moyo ukakataa. Kiti kirefu kilimaanisha kuna mtu atakaa nyuma yako. Sikujua ni nani. Pengine nilitaka niwe mimi.

Nikafuta penseli kwa kifutio chako mwenyewe, ulichokiacha ndani ya bahasha. Nikatia alama ya wino kwenye ile kubwa, nikalamba stempu, nikaenda kazini. Mchana wote nilishona vizuri sana.

Ulipoondoka, mwezi wa tisa, tulisubiri basi la London pale stesheni ya Digbeth, masanduku yako yamekuzidi urefu. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ukanishika mkono ukasema, "Dada, bila wewe na Bwana Gurdip ningechagua kwa rangi tu." Nikalimeza. Nikakufungia kitambaa shingoni, nikakuambia usisahau kula, na ukapanda.

Barua yako ya kwanza ya baridi bado ninayo. Uliandika mashine imefika, na si ile uliyochagua, bila shaka karani wa zahanati, Mzee Tomasi, amekosea kuagiza. Huyo ndiye aliyezipokea fomu, akaandika agizo na kuzipeleka zote kusini kwa wauzaji. Uliandika kwa kicheko, kwamba miguu yako inaning'inia na kwamba lile dubwana huliwashi wewe, unaomba wanaume wanaopita. Ningeweza kukujibu siku ile ile, nawe ungekataa kuipanda, ungeazima mbwa na sleji yao ya kuburuta juu ya theluji, ungengoja nyingine. Unajua nilijibu nini? Niliandika, "Makarani ni makarani tu, mdogo wangu, zoea hiyo hiyo." Niliandika hivyo kwa mkono huu.

Barua ya pili haikuwa na kicheko. Ulikuwa umetoka peke yako kwenda kwa mama mwenye uchungu. Kwenye mteremko wa ufukoni mashine ikalala ubavu na mguu wako ukabaki chini yake. Ulitumia goti, ukatumia bega, kama siku ile kwenye simenti. Haikujua hata kama umeigusa. Ulilala pale ukiimba nyimbo za kwaya ili usisinzie, mpaka wavuvi waliokwenda kutazama nyavu zao wakasikia sauti. Mama yule alijifungua salama bila wewe. Wewe ulipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto. Mkunga wa kuzunguka, akikanyaga tangu siku hiyo kwa tahadhari kama mtu anayevuka maji!

Waliagiza ile ndogo mwaka uliofuata. Picha uliyotuma ipo ukutani kwangu, nyayo zako zote mbili zimegusa chini, unacheka. Watu wakija husema, huyu kweli ameipata saizi yake. Mimi huwapa chai.

Nilidhani ningeweza kuishi hivyo. Nilijiambia umepona, una kazi unayoipenda, umeshika mamia ya watoto kwa mikono ile midogo, ya nini kuchokonoa. Kisha wiki iliyopita ukaniandikia habari za Mzee Tomasi. Kwamba fomu zenyewe hazikurudi kutoka kusini, kwa hiyo naye hakuwa na la kutazama. Kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akaamini mwenyewe kuwa alisoma vibaya, na tangu baridi ile hakushika tena karatasi ya mtu. Kwamba kila mwaka kabla ya barafu anaacha samaki wa moshi mlangoni pako na kuondoka bila kubisha. Uliandika, "Nilishamsamehe zamani, dada, lakini bado hanitazami usoni."

Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Wewe umemsamehe mtu asiye na kosa. Na yeye amebeba kosa langu miaka saba, kwenye baridi hiyo, na juu yake anakuletea samaki.

Nakupenda, Wakesho, na ni kwa jina la kupenda huko nilifanya lile. Sitalitumia kama kinga. Nilikuwa nakuona mdogo kila mahali mpaka nikakunyima kitu pekee kilichokutosha. Ukitaka kuacha kuniandikia, nitaelewa, nitaumia na nitaelewa. Ukitaka kunitukana, tumia Kitaita, Kiswahili chako kina adabu mno.

Lakini mimi nijibu baadaye. Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu uende kwa Mzee Tomasi. Usimtume mtu. Ukae naye, umfasirie barua hii neno kwa neno, na usipunguze makali pale ninapotajwa. Mwambie macho yake siku ile yalikuwa mazima. Mwambie alisoma sawasawa kile kilichoandikwa, na aliyeandika ni mimi.

Dada yako,
Mghoi