Chakula cha Popi

Jumanne, 9 Septemba
Popi amehara tena. Mlangoni, kwenye gunia lake, na ndani ya kiatu cha Shemeji. Kiatu hakijaniuma. Nimepiga deki, nimefua, nimechelewa kufungua kibanda na sare za shule zinangoja. Nilimleta mtoto huyu wa mbwa wiki jana alinde cherehani, maana wezi walinivunjia mara mbili. Kwa sasa hawezi kulinda hata mkia wake.

Shemeji alikuwa kwenye kiti changu, anatoa hotuba. Eti mbwa akilelewa na mwanamke anakuwa bwege. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuja kukaa siku mbili, mwezi wa sita. Mume wangu yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, haoni kitu. Na kwetu mke hamjibu kaka mkubwa wa mumewe. Basi namjibu hapa. Nyamaza. Hama.

Jumatano, 10 Septemba
Nimembeba Popi mpaka agroveti, duka la dawa za mifugo. Mwenye duka akauliza namlisha nini. Nikasema maziwa ya pakiti na mkate, kama mtoto.

"Wacha kumpea maziwa ya ng'ombe, mathe. Hiyo ndiyo inamharisha."

Aibu. Kumbe ni mimi mwenyewe. Sasa ni uji mzito wa mahindi na omena, wale dagaa wa ziwani, zilizochemshwa, nizisage na mifupa yake. Bila chumvi, bila kitunguu. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Asubuhi napika, nyingine namwachia Shemeji ampe nikiwa kazini. Angalau afanye hilo.

Ameniona nikisaga omena, akacheka mpaka akakohoa. Ningependa akohoe zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba
Choo kigumu! Sikujua iko siku nitafurahia kitu kama hicho.

Popi amecheza, ameng'ata pindo la sare. Akamkimbilia Mama Zuhura, mwenye ploti hii ya vyumba tunayopanga. Mama wa watu akakunja buibui lake na kurudi nyuma. Yeye ni Mnubi, Mwislamu, mate ya mbwa kwake ni najisi. Akasema nimfunge, au tuhame wote wawili. Nilimjibu vibaya. Simpendi, naye hanipendi, na kodi yake nalipa.

Jumapili, 14 Septemba
Popi anatapika tangu jana. Leo damu na kamasi. Analala na macho wazi.

Uji ni ule ule. Omena ni zile zile. Nimeonja mwenyewe nikipika, hazina neno. Basi kuna mtu anamtilia kitu, na nikamjua mara moja. Nimeenda mlangoni kwa Mama Zuhura, wapangaji wote wakitazama, nikamwambia amemlisha mbwa wangu sumu. Nikamwita muuaji. Sauti yangu ilifika Lindi, mtaa wa pili.

Hakupandisha yake. "Mwanangu, kitu nisichoweza hata kukigusa, nitakilishaje?"

Sikumwamini.

Jumatatu, 15 Septemba
Ni Shemeji.

Saa nne asubuhi nilirudi kuchukua mkasi niliousahau. Nimemkuta amechuchumaa, amembana Popi katikati ya magoti, anamsukumia uji mdomoni kwa kijiko. Uji mwekundu. Pilipili mbichi, zimepondwa na mbegu zake. Popi hakuwa analia tena, alikuwa anakwaruza sakafu tu.

Hata aibu hana. "Mbwa hufanywa mkali akiwa bado mdogo. Utakuja kunishukuru." Eti baba yao alifanya hivyo, babu yao alifanya hivyo. Kumbe anamtilia tangu Ijumaa mchana, kila nikitoka.

Nimemnyang'anya kijiko. Nikamsukumia bakuli. "Kula wewe." Mara ya kwanza kumjibu tangu niolewe.

Mume wangu akapiga simu: niombe msamaha, ni kaka yake. Nikakata. Jioni sikupika.

Jumanne, 16 Septemba
Shemeji amehamia kwa binamu yake Kawangware. Hakuaga. Nimefurahi, sidanganyi.

Popi amedungwa sindano. Mwenye agroveti anasema tumbo limechubuka, anaweza asipone. Namdondoshea maji ya sukari na chumvi kidogo kwa sirinji. Mimi ndiye niliyemwachia yule mtu bakuli. Hilo sina wa kumsukumia.

Halafu nimeenda kwa Mama Zuhura, mlango ule ule, watu wale wale wakiwa nje. Nikasema nimekosa. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Akasema, "Nimesikia." Basi. Hakuniambia amenisamehe, na nisingekuwa na haki ya kudai.

Ijumaa, 19 Septemba
Popi amesimama leo. Miguu inayumba, lakini amesimama.

Nimempikia uji wa mchele, laini, na kuku kidogo niliyemchambua. Nimeuacha ukapoa. Nikaweka bakuli karibu yake na kukaa chini. Alinusa. Kisha akauona mkono wangu, akarudi nyuma mpaka ukutani, akajikojolea.

Nikaonja kijiko kimoja mbele yake. Wapi. Nikamwita kwa sauti ndogo. Akageuza uso.

Nimetoka nje na kurudisha mlango. Mama Zuhura alikuwa anaanika nguo. Akanitazama, akaendelea na kazi yake. Nimesimama pale muda mrefu. Ndipo nikamsikia Popi ndani akilamba bakuli. Sikufungua.