Gatwiri Alipokuwa Binti Mfalme

Kibirichia,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Kwa Mama Wambeti,
Embu.

Mama,

Pokea salamu zangu mimi Karwirwa, mke wa Kaimenyi, nikiwa huku juu kwenye baridi ya kutufanya tuongee huku mvuke ukitutoka mdomoni. Natumai barua hii itakukuta umeketi mahali penye jua, na goti la kushoto limepata nafuu. Kaimenyi aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisa ukishikwa mkono. Pole sana. Kahawa yenu iliendaje mwaka huu? Na yule ng'ombe mweusi aliyekuwa na mimba, alizaa salama? Sisi tu wazima. Viazi vya shamba la juu tumeshavuna, vya shamba la chini ndiyo kwanza vimetoa maua. Gatwiri ameng'oka meno mawili ya mbele, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Watu husema Ann mama yake alikuwa akifanya vivyo hivyo.

Najua hujasikia sauti ya mjukuu wako tangu Pasaka. Nitalifikia hilo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijamaliza, na nimeandika Kiswahili kwa sababu Kiembu changu ungekicheka. Naomba usome hadi mwisho, hata ukifika mahali ambapo mkono utataka kuichana karatasi hii.

Jumamosi iliyopita Gatwiri alitimiza miaka sita, na tulimfanyia sherehe. Nataka kukusimulia sherehe hiyo, kwa sababu ulistahili kuwapo.

Mambo yalianza mwezi wa sita. Beverlyne, binamu ya Kaimenyi anayefanya kazi ya ofisi Meru mjini, alimwalika Gatwiri kwake Kaaga kwenye siku ya kuzaliwa ya binti yake. Huko kulikuwa na nyumba ya plastiki iliyojazwa upepo watoto warukeruke ndani, na yule msichana alivalishwa gauni la kukodi lililofagia sakafu. Gatwiri alirudi kimya. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu tulipokuwa tukichagua viazi vya mbegu, aliniuliza, bila kuniangalia, kama mtoto wa watu wa viazi anaweza kuwa binti mfalme. Nilijibu ndiyo kabla sijafikiri. Mama, nimeishi na mtoto huyu miaka miwili, na kabla ya siku hiyo hakuwa ameniomba kitu chochote zaidi ya maji ya kunywa. Ananiita Auntie. Ananisalimu vizuri, anakula nilichopika, anasema asante, kama mgeni anayejua ataondoka kesho.

Basi nikajitia katika kazi ambayo sikuijua. Mimi mwenyewe sijawahi kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Kwetu Mitunguu tulijua tu nani alizaliwa mwaka wa mafuriko na nani mwaka wa ukame. Nilikuwa na chandarua cha zamani nilichokuja nacho kutoka huko, kimefuliwa mpaka kikawa laini kama utando. Nilichemsha bitruti tatu kwenye sufuria kubwa, nikaongeza siki, nikakizamisha humo usiku kucha. Asubuhi kilikuwa na rangi ya anga kabla jua halijachomoza. Jirani yetu Ciakuthii, bibi mwenye cherehani ya kukanyaga, alikishona juu ya shimizi nyeupe, mikunjo mingi sana, na akakataa kuniambia ni mingapi. Alisema gauni la binti mfalme halihesabiwi.

Taji tulilikata kwenye mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia. Kaimenyi alipasha kisu moto akachonga ncha saba, kisha akazisugua kwa msasa ili zisimkwaruze. Yeye ni seremala, na wiki nzima huwa Mitunguu akipaua nyumba, kwa hiyo kazi yake ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili tu. Ngome tuliijenga kwa makatoni ndani ya stoo ya viazi, tukagundisha kwa uji wa ngano, tukapaka chokaa. Gatwiri alichora mawe yake kwa kaa, moja moja, ulimi ukimtoka kwenye pengo la meno. Jioni zile tulifanya kazi bila kuongea sana, lakini haukuwa ule ukimya wa zamani. Mara nyingine alinishikia mkasi kabla sijauomba.

Keki niliioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Iliungua upande mmoja, nikaukata upande huo nikaula peke yangu nyuma ya jiko. Hatukuwa na mishumaa midogo, kwa hiyo nilikata mshumaa wa kawaida vipande sita.

Siku yenyewe ilianza na mvua nyepesi, na saa nane mchana ukungu ukashuka kutoka mlimani. Nilidhani umeharibu kila kitu. Watoto walikuja saba, na kila mmoja amejifunga leso au blanketi mabegani, maana Gatwiri alikuwa amewatangazia kwamba hakuna atakayeingia ngomeni bila joho. Alitoka nyumbani amevaa gauni lake, na chini yake gambuti, kwa ajili ya matope. Aliamuru msafara upite shamba la chini kwanza. Nilisimama kando ya kivuko nikawatazama. Maua ya viazi yalikuwa meupe na ya zambarau, yamelowa, na ukungu ulikuwa umemeza miguu ya watoto, kisha viuno, kisha vichwa. Nikawa naona taji tu, la njano, likielea juu ya maua, likiyumba, likipotea, likirudi. Walikuwa wakiimba wimbo walioutunga wenyewe, maneno nusu Kimeru nusu ya shule, na sauti zao zilitoka pande zote kwa pamoja. Mama, sijui kama umewahi kusimama macho wazi na kuhisi kwamba uko ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Niliogopa hata kukohoa. Nilifikiri nikikohoa shamba litarudi kuwa shamba.

Walipoingia stooni walianza kugawana nafasi. Huyu askari, yule farasi, huyu mpishi wa mfalme. Karwitha, mjukuu wa Ciakuthii, alisema hadithi ya binti mfalme haiwezi kukamilika bila mama wa kambo mbaya. Wakaanza kumtafuta. Kisha Karwitha akanyoosha kidole kwangu pale mlangoni nilipokuwa nimeshika birika la chai, akasema, "Si yule pale? Yeye ni mama wa kambo wa ukweli."

Ciakuthii aliinua mkono kumchapa, nikamzuia. Gatwiri alinitazama muda mrefu, taji limemkalia upande.

"Huyo si mbaya," alisema. "Huyo ni Auntie. Ndiye amenitengenezea hii yote."

Watu wazima walishusha pumzi wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimimina chai, na nyingine ikamwagika kwenye mkeka, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo mtoto hakulijua.

Kisha tukawasha vile vipande sita vya mshumaa. Kaimenyi alimwambia afumbe macho, aombe jambo moja, halafu apulize. Wengine wote tulimwambia aombe kimoyomoyo. Lakini Gatwiri hajui kuomba kimoyomoyo; nyumbani kwetu sala ni ya sauti. Alifumba macho, akakunja mikono kama kanisani, akasema:

"Naomba cucu wangu wa Embu aamke."

Akapuliza. Watoto wakapiga makofi. Ciakuthii akaniinamia sikioni akaniuliza kwa huzuni wewe, bibi yake Gatwiri, ulifariki lini, na kwa nini hatukumwambia aje kutupa pole. Kaimenyi hakupiga makofi. Alinitazama tu juu ya vichwa vya watoto, na nikajua ameanza kuunganisha mambo.

Sasa nimefika mahali pagumu, Mama.

Ulipopiga simu baada ya Pasaka nikakwambia Gatwiri amelala, hakuwa amelala. Alikuwa uani akicheza na kuku. Ulipopiga Jumatano iliyofuata, nikasema amelala tena. Ulipopiga mwezi wa tano, wa sita, wa saba, nilisema amelala, au ameenda kwa jirani, au simu inaisha chaji. Na yeye alipoomba tukupigie, nilimwambia kwamba cucu amelala. Alikuwa akiuliza asubuhi, adhuhuri, jioni. Kila mara cucu amelala. Kaimenyi aliporudi wikendi akauliza kama mmeongea, nilimwambia mmeongea, na hata unamsalimu. Ndiyo maana ulipompigia yeye kule kazini aliona hakuna neno, akakwambia upige nyumbani.

Sikujua kwamba mtoto alikuwa akiyaweka maneno yangu pamoja. Alikuwa amesikia kuna hadithi ya mwanamke aliyelala miaka mingi kwa sababu mtu fulani alimfanyia ubaya. Miezi minne amekuwa akiamini kwamba wewe umelala usingizi usioamkika huko Embu, na akaihifadhi nafasi yake moja ya kuomba kwa ajili yako. Angeweza kuomba ile nyumba ya upepo.

Sababu yangu nitaisema, ingawa si nzuri. Jumatatu ya Pasaka Gatwiri alichomwa na mwiba, akaja kwangu mbio akilia, akaniita Mama. Mara moja tu. Nikamtoa ule mwiba. Jioni hiyo ukapiga simu, ukaongea naye, ukamwambia mama yake Ann anamwona kutoka mbinguni na asimsahau. Hukukosea. Ni mtoto wa mtoto wako. Lakini alipokata simu alikaa akinitazama kama mtu aliyekamatwa akiiba, na usiku alipotaka maji akaniita Auntie. Nilikuonea wivu, Mama. Nilimwonea wivu Ann, ambaye hawezi kunijibu. Nikafikiri sauti yako ikikosekana kidogo, lile neno litarudi. Halikurudi. Nilipata tu mtoto aliyekuwa akikuombea uamke.

Jioni ileile wageni walipoondoka nilimwambia Kaimenyi yote. Hakunigombeza. Alitoka akaenda kubomoa ngome ingawa hakuna aliyemtuma, na nilimsikia akirarua makatoni moja baada ya jingine. Aliporudi alisema kwamba yeye hawezi kunisaidia katika hili, nimwambie mtoto mwenyewe.

Nilimwambia Jumapili baada ya kanisa. Nilimketisha kwenye ngazi ya stoo nikamwambia cucu hajalala, hakuwahi kulala, ni mimi niliyedanganya. Aliniuliza kama ulikuwa ukipiga simu. Nikasema ndiyo. Aliniuliza mara ngapi. Nikasema nyingi. Alitafakari, akasema, "Kwa hivyo alikuwa anadhani mimi ndiye nimelala." Akaenda zake kwa kuku. Tangu hapo hataki nimguse nywele. Amekwenda kusukwa kwa Ciakuthii. Chakula changu anakula, lakini asante ameacha kusema. Sijamlaumu. Jana jioni alinijia mezani na daftari lake la shule, akachana karatasi katikati kwa uangalifu, akaniwekea mbele pamoja na kalamu. Alisema mwalimu wao akikosewa hataki kusikia pole ya mdomo, anataka iandikwe. Hii unayoisoma ndiyo karatasi hiyo, na nyingine alizoniongezea ziliponiishia. Alitaka kujua kama nimeandika kila kitu. Nilimsomea. Alinisahihisha mahali pawili.

Sikuombi unisamehe kwa upesi. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Ukikubali, Jumamosi nitamleta Embu mimi mwenyewe alale kwako, na kama hutaki niingie kwako nitamwachia langoni, nirudi kumchukua Jumapili. Na kila likizo itakuwa hivyo, si hii peke yake. Akitaka kuniita Auntie mpaka nizeeke, ni Auntie nitaitika.

Kaimenyi anakusalimu kwa heshima na kusema atakupigia mwenyewe kukuomba radhi. Ciakuthii naye anakusalimu. Amefurahi mno kusikia kwamba uko hai. Wasalimie wa nyumbani wote na majirani waliosimama nawe wakati wa msiba wa Ann, ambao mimi sikuwa na bahati ya kuwajua.

Barua hii naituma kesho na gari la vifurushi, kwa hiyo Alhamisi itakuwa mkononi mwako. Kuanzia siku hiyo simu ya nyumbani itakaa na Gatwiri. Nimemfundisha kitufe cha kijani. Piga saa yoyote, Mama. Mimi nitakuwa shamba la chini, mbali kiasi cha kutosikia mnachoongea.

Ni mimi,
Karwirwa